Goma: Zawadi ambazo hazikuombwa, zinaishia wapi katika nyumba za Himbi?

Mtaani Himbi, komini ya Goma, harusi haimaliziki Jumamosi usiku wageni wanapotoka ukumbini. Inamalizika Jumatatu, pale wanandoa wapya wanapokaa sebuleni pamoja na dada, wifi na shangazi mmoja au wawili ili kufungua makado. Mmoja anapasua karatasi ya rangi, mwingine anashika daftari na kuandika jina la mtoaji na kitu alichotoa. Termosi ya kwanza inapigiwa vigelegele. Ya pili inachekewa. Ya nne inasogezwa ukutani bila neno, na kila mmoja anaelewa kimya hicho.

Kisha zinafuata glasi za sita-sita, seti za vikombe, saa za ukutani, mabeseni, blanketi zito lenye picha ya simba, maua ya plastiki ndani ya fremu ya dhahabu, na kikwembe cha rangi ambayo bibi arusi hajawahi kuivaa tangu azaliwe. Wakati huohuo nyumba yenyewe haina jiko la gesi, godoro ni la kuazima, na mwenye nyumba bado anangoja sehemu ya garanti aliyoahidiwa.

Swali la kufanya nini na vitu hivyo ni la zamani, na zamani lilikuwa la kuchekesha. Sasa limekuwa zito kidogo. Tangu mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za biashara zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na pesa taslimu ikawa kitu cha kutafutwa kwa taabu. Wenye mishahara inayopita benki walilazimika kuvuka mpaka hadi Gisenyi ili kuitoa, au kupitia simu na kukubali kukatwa sehemu yake na wakala. Katika hali hiyo, katoni ya glasi iliyolala juu ya kabati si pambo tena. Ni minervali ya mtoto iliyochukua umbo ambalo shule haiwezi kulipokea.

Daftari halisahau

Mgeni angeuliza: kwa nini basi wasiseme tu kwamba termosi zinatosha? Jibu limo ndani ya daftari lile. Halikuandikwa kwa ajili ya kumbukumbu ya furaha peke yake. Siku mtoto wa mama aliyeleta seti ya vikombe atakapooa, daftari litafunguliwa na familia itaangalia ilipokea nini, ili isirudishe kilicho chini yake. Ng'ambo ya mpaka, Wanyarwanda wana neno la desturi hiyo ya kuchangia harusi, gutwerera, na familia nyingi za Kivu Kaskazini zinaishi kwa hesabu hiyohiyo hata zisipotumia neno hilo.

Mwaka 1925, mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss aliandika juu ya jambo hilo baada ya kusoma habari za jamii za visiwa vya Pasifiki na za Amerika ya Kaskazini. Alisema zawadi inabeba wajibu tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayekataa kupokea anatangaza ugomvi. Mauss hakufika Himbi, lakini shangazi yeyote wa hapa angemwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Sheria ya nchi kwa upande wake ni nyepesi kuliko sheria ya ukoo. Kitabu cha sheria za familia cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichorekebishwa Julai 2016, kinaweka mahari mahali pake, katika kifungu cha 361: ni kitu ambacho familia mbili zinapaswa kukubaliana, kwa hiyo mahari si zawadi na haiwezi kuhesabiwa pamoja na vikombe. Zawadi za kawaida ni jambo jingine. Mtu akishatoa na mwingine akapokea, kitu kimebadili mwenyewe. Aliyepokea anaweza kukitumia, kukigawa au kukiuza, na polisi hawana la kuuliza.

Tatizo la Himbi, basi, haliko mahakamani. Liko siku ile mtoaji anapokuja kutembea na macho yake yanazunguka sebuleni yakitafuta kitu chake.

Hata hivyo, familia nyingi zinachanganya mambo mawili ambayo daftari lenyewe limeyatenganisha. Deni ni kwa mtu, si kwa kitu. Mstari ulioandikwa unabaki hata kama termosi imeondoka nyumbani, na siku ya harusi ya mtoto wa mtoaji hakuna atakayeulizwa kama termosi bado inatunza moto. Kwa nini basi nyumba nyingi zinahifadhi miaka kumi vitu ambavyo havijatoka kwenye karatasi? Kwa hofu, zaidi kuliko kwa heshima.

Anvelopi yenye noti ambayo hakuna anayeitaka

Njia iliyopata nguvu mjini ni anvelopi. Mgeni anaweka dola au franka ndani, anaandika jina lake juu, anatumbukiza katika kisanduku mlangoni mwa ukumbi. Mwanauchumi Mmarekani Joel Waldfogel angefurahi. Mwaka 1993 alichapisha hesabu zilizotokana na kuwauliza wanafunzi wa chuo juu ya zawadi zao za Noeli: zimegharimu kiasi gani, na wao wenyewe wangekubali kulipa kiasi gani kuzipata. Alikuta kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani inapotea njiani, kwa sababu tu mtu mmoja amemchagulia mwingine. Zawadi za vitu zilizopotea sana zilitoka kwa ndugu wa mbali kidogo, wajomba, mashangazi na mababu; na haohao ndio walioelekea zaidi kutoa pesa, kana kwamba wanajua hawajui.

Lakini Waldfogel hakuwa anahesabu dola za Goma. Hapa noti ina sura, na sura hiyo inachunguzwa kuliko sura ya mgeni mpakani. Dola iliyochanika ncha kidogo, yenye alama ya kalamu, iliyofifia au ya chapa ya zamani inarudishwa na muuza duka, na motari anaitazama kwenye mwanga kabla ya kuisukuma mbali. Kwa sheria ya Marekani noti hizo zote ni halali. Hata noti za miaka mingi iliyopita hazijafutwa, na noti iliyoharibika inaweza kubadilishwa kule ikiwa zaidi ya nusu yake ipo. Washington iko mbali. Mjini hapa, noti mbovu inapata mnunuzi mmoja tu, kambisti wa barabarani, ambaye anaichukua kwa bei ya chini na hataki mjadala.

Kwa hiyo anvelopi imekuwa mahali ambapo noti mbovu zinakwenda kupumzika. Mwenye noti ambayo soko limeikataa mara tatu anaiweka katika harusi ya jirani, na hakuna atakayejua hadi Jumatatu. Baadhi ya familia zimeanza kuandika daftarini si kiasi tu, bali na hali ya noti. Ni ukali, lakini ukali huo una msingi: dola ishirini iliyochanika haitarudishwa kama dola ishirini nzima.

Kupitisha mbele

Kati ya njia zote za kuondoa zawadi, iliyo ya kawaida zaidi ndiyo isiyokubaliwa hadharani: kumpa mwingine. Seti ya vikombe inatoka katika harusi ya Himbi, inakwenda kwenye sherehe ya ubatizo Katindo, inaendelea hadi kwenye difa la mwanafunzi aliyemaliza chuo huko Kyeshero. Hakuna ubaya hapo, mradi kitu ni kizima na anayekipokea anakihitaji. Ubaya unaingia kwa uvivu.

Himbi ni mtaa wa watu wanaofahamiana kupita kiasi. Wanasali pamoja, watoto wao wanakaa benchi moja shuleni, wake zao wamo katika likelemba moja. Kado inayozunguka bila mpango inaweza kumrudia mwenyewe. Wanaojua kazi hiyo wanafungua boksi hadi chini, kwa sababu kadi ya pongezi mara nyingi inajificha chini ya sahani ya mwisho au ndani ya mfuniko wa sufuria. Wanabadilisha karatasi. Wanaandika kwa kalamu ndogo chini ya boksi jina la upande ilikotoka, wa bwana au wa bibi, ili isirudi upande uleule. Na hawapitishi kamwe kitu kilichoshonwa, kufumwa au kuchongwa kwa mkono wa mtoaji. Kitambaa cha meza kilichofumwa na mama mkwe kinakaa mezani, hata kama rangi yake inapigana na mapazia. Vitu vya namna hiyo havina bei sokoni, na hasara ya kuviondoa haina mwisho.

Kubadilisha dukani kunawezekana kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya kado za harusi inatoka katika maduka na madepo yaleyale ya katikati ya mji na ya Birere. Mwenye duka hatoi pesa, lakini akiona boksi halijafunguliwa na alama yake bado iko juu, mara nyingi anakubali termosi mbili ziwe sufuria moja. Inatakiwa kwenda mapema, wiki ya kwanza, na kwenda na uso wa amani. Anayechelewa hadi vumbi likae juu ya boksi ameshakuwa muuzaji wa mitumba.

Kuuza nako kuna wakati wake. Picha inawekwa kwenye statu ya WhatsApp, na hapo ndipo wengi wanaumbuka, kwa sababu mtoaji naye ana simu. Wenye busara wanampa kitu mama wa sokoni Virunga au Birere auze kwa niaba yao, wakijua kwamba watapata sehemu tu ya bei ya dukani. Chukudu moja inaweza kubeba kado zote za harusi ya wastani na bado ikabaki na nafasi ya magunia mawili ya makala.

Mbuzi ni habari tofauti. Jamaa wa Masisi au Rutshuru akija mjini na mbuzi kwa kamba, amebeba heshima ambayo haina boksi wala alama ya duka. Lakini kiwanja cha Himbi ni mawe meusi ya volkano, ukuta wa matofali, na bustani ya maua ambayo mwenye nyumba anaipenda kuliko wapangaji. Hakuna majani. Kuku anamaliza tatizo lake mwenyewe siku hiyohiyo jioni. Mbuzi analia usiku mzima, na majirani wanahesabu saa. Desturi imeweka mlango hapa, na ni mzuri: mnyama anaweza kubaki kijijini kwa jina la aliyepewa, kwa ndugu anayemchunga kwa makubaliano ya kugawana watoto wake. Lakini vita na watu kuhamahama vimeuharibu mlango huo pia. Mbuzi aliyeachwa kijijini ambako hakuna tena mtu wa kumchunga ni zawadi iliyobaki daftarini tu.

Kopo la maziwa na mfuko wa madawa

Yote hayo yanahusu aibu na pesa. Kuna zawadi mbili zinazohusu uhai, na hizo hazipaswi kupitishwa kwa mtu mwingine hata kwa nia njema.

Ya kwanza ni kopo la maziwa ya unga linaloletwa na mgeni anayekuja kumwona mtoto mchanga. Linagharimu, linaonekana, linasema kwamba mgeni hakuja mikono mitupu. Mama anayenyonyesha hana kazi nalo. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, bila hata maji. Tangu mwaka 1981 kuna kanuni za kimataifa zinazobana biashara ya maziwa ya kopo, na miongozo ya wakati wa dharura inaomba misaada ya maziwa hayo isiombwe wala isipokelewe kiholela. Sababu inaeleweka Goma kuliko mahali pengi. Maziwa ya unga yanahitaji maji, na sehemu ya wakaaji wa mji huu wanachota maji ziwani, Kituku na kwingineko, katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuaga. Chupa isiyochemshwa vizuri, kipimo kilichopunguzwa ili kopo lidumu, na mtoto anaanza kuharisha. Zaidi ya hapo, mtoto akizoea chupa mama anapungukiwa maziwa, na kopo la pili halina mgeni wa kulileta.

Kopo ambalo halijafunguliwa linaweza kurudishwa dukani au kwenye famasi na kubadilishwa kwa sabuni na nguo za mtoto. Likishafunguliwa, liingie katika uji wa wakubwa wa nyumba. Kwa jirani mwenye mtoto wa wiki mbili, hapana, isipokuwa mganga amesema mtoto huyo analihitaji.

Ya pili ni mfuko wa madawa unaotoka ng'ambo. Ndugu aliye Ulaya au Kanada anakusanya vidonge vilivyobaki kabatini, anaongeza vitamini na dawa ya maumivu, anampa msafiri. Mfuko unafika ukiwa na maboksi yenye maandishi ya Kiflemi au Kijerumani, mengine yamebakiza miezi miwili. Nyumbani hakuna anayejua ni ya nini, lakini kuyatupa kunaonekana kama dhambi.

Ulimwengu ulishajifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Wakati wa vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, zilipelekwa huko tani zinazokadiriwa kufika 17,000 za madawa yasiyofaa, na gharama ya kuyaharibu ilikadiriwa kuwa dola milioni 34. Mwaka 1996 OMS ilitoa mwongozo: dawa ya msaada iwe imeombwa, iwe na maandishi yanayosomeka na wahudumu wa mahali pale, na ibakize angalau mwaka mmoja inapofika. Familia ya Himbi inaweza kutumia kanuni hizohizo tatu mezani kwake. Kisichopita kiende kwa mfamasia au kituo cha afya ili kiharibiwe. Si chooni, na hasa si ziwani.

Mji uliopewa mengi

Goma yenyewe ni mpokeaji mkongwe wa zawadi ambazo haikuzichagua. Julai 1994, ndani ya siku chache, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu Kaskazini. Kipindupindu na kuhara vikaanza, na karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Kilichohitajika kilikuwa maji safi na serumu ya kunywa, ile ya chumvi na sukari kwa kipimo. Shirika moja la Marekani likatuma kwa ndege shehena ya Gatorade, kinywaji cha wanamichezo, chenye sukari nyingi na chumvi kidogo mno kwa mgonjwa wa kipindupindu. Ndege iliyobeba chupa hizo ilichukua nafasi katika uwanja ambao kila kutua kulikuwa na thamani.

Kwa wakimbizi wa ndani waliojaa kandokando ya mji miaka ya karibuni, jambo lilikuwa la kimyakimya zaidi. Mbaazi za manjano zinazogawiwa na mashirika ni chakula kizuri kwa mizani ya wataalamu, lakini zinachukua muda mrefu jikoni, na mama asiye na makala anauza sehemu ya mgao ili anunue makala ya kupika kinachobaki. Anayemwona sokoni na bidhaa za msaada anasema ameshiba. Ndiyo sababu hoja ya kutoa pesa badala ya vyakula, pale ambapo soko linafanya kazi, imepata wasikilizaji wengi katika mashirika.

Himbi inaijua hali hiyo kutoka upande mwingine wa ukuta, kwa sababu ofisi na makazi mengi ya mashirika yako hapa, karibu na ziwa. Mfanyakazi wa kigeni anapomaliza mkataba anamwita sentinele na mama wa jikoni, anawaonyesha rundo: koti la baridi kali, vitabu vya Kiingereza, mashine ya kahawa inayohitaji umeme wa saa zote, viatu vya kupanda mlima namba 46. Wanashukuru kwa mikono miwili. Sentinele mwenye miguu ya namba 41 hawezi kusema kwamba angependa zaidi mwezi mmoja wa mshahara, au barua nzuri ya kumtafutia kazi nyingine. Viatu vinateremka Birere jioni hiyohiyo. Barua, ambayo isingemgharimu mtoaji kitu, mara nyingi hakuna aliyeifikiria.

Baadhi ya wanandoa vijana wameanza kusema mapema. Kamati ya harusi inachagua mtu mmoja, kwa kawaida marene au kaka mkubwa mwenye ulimi laini, ambaye kazi yake ni kupigiwa simu na wageni na kutaja kinachokosekana: jiko, godoro, garanti. Wazee wengine wanaona ni kuomba kama maskini. Wengine wanaweka anvelopi kama walivyoshauriwa, kisha wanaongeza termosi juu yake, kwa sababu hawawezi kujiona wakiingia harusini na karatasi tu mkononi.

Termosi hiyo nayo itafunguliwa Jumatatu na kuandikwa. Itapanda juu ya kabati pamoja na zenzake, na mojawapo itaondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Ya shangazi wa Minova itabaki. Akipiga simu kwamba yuko njiani, mtoto atasimama juu ya kiti, ataishusha, ataipangusa vumbi, na chai itamiminwa humo.